Mahali Palipokatwa: Kitenzi cha Shangwe "Maffick" katika Sentensi ya Kiingereza

Ni ada katika uhakiki wetu kuuliza neno geni limefanywa nini na Kiswahili. Tumeandika mengi kuhusu sauti zilizobadilishwa, ngeli walizopewa wageni wa Kiarabu na wa Kiingereza, na mitazamo iliyosafiri ndani ya maneno hayo. Upande wa pili wa suala hili haujashughulikiwa sana. Neno la lugha ya Kibantu linapoingia katika Kiingereza, Kiingereza hulifanya nini? Na katika sentensi za kila siku, neno hilo humpa nani nafasi ya mtendaji na kumnyima nani? Makala haya yananuia kuyachunguza maswali hayo kwa kutumia neno moja tu, kitenzi "maffick". Kamusi za Kiingereza hukifasili kuwa ni kusherehekea hadharani kwa kelele na kwa kupita kiasi, na nyingi kati yake sasa hukitia alama ya neno lililochakaa. Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini tujishughulishe na neno ambalo wenyewe wamelitupa. Jibu ni kwamba neno hili lilitoka kwetu, kwa maana ya familia ya lugha zetu, na linabeba katika umbo lake alama ya kisu kilicholikata.

Tuanze na tukio lenyewe. Vita kati ya Uingereza na jamhuri mbili za Makaburu vilianza mwezi Oktoba mwaka 1899. Mnamo tarehe 13 mwezi huo mji wa Mafeking, ulioko kando ya mto Molopo karibu na mpaka wa Transvaal, ulizingirwa. Ulizingirwa kwa siku 217. Kamanda wa Waingereza ndani ya mji alikuwa Robert Baden-Powell, yule yule aliyekuja kuanzisha harakati za Skauti, akamalizia siku zake hapa kwetu Nyeri alikofariki tarehe 8 Januari 1941 na ambako kaburi lake lingalipo. Mji ulikombolewa tarehe 17 Mei 1900. Habari zilifika London kupitia shirika la Reuter usiku wa tarehe 18, na usiku huo na siku iliyofuata watu walifurika barabarani wakiimba, wakipuliza tarumbeta, wakipeperusha bendera na kukumbatiana na wasiowajua. Furaha ilizidi kiasi kwamba waandishi wa magazeti waliona haiwezi kuitwa kwa jina lolote lililokuwapo. Mwezi huo huo wa Mei kitenzi kipya kilikwisha kuchapishwa.

Mofolojia ya shangwe

Jinsi kitenzi hicho kilivyoundwa ndiko kunakomhusu mwanaisimu wa Kibantu moja kwa moja. Mafeking ni tahajia ya Kiingereza ya jina la Kitswana, Mafikeng. Katika Kitswana "lefika" ni jabali au mwamba. Wingi wake ni "mafika". Ukiongeza kiambishi tamati cha mahali, -ng, irabu mbili hukutana na kuzaa e, nawe unapata Mafikeng, yaani penye majabali. Hakuna haja ya kumweleza hili msomaji wa Kiswahili kwa kirefu. Ngeli ni ile ile ya jiwe na mawe, jicho na macho, na -ng hiyo ni ndugu wa damu wa -ni yetu katika nyumbani, kisimani na mwembeni. Kwa ufupi, Mafikeng ni Maweni. Aliyezaliwa katika Maweni yoyote ya pwani yetu angelielewa jina hilo mara tu baada ya kuonyeshwa vipande vyake viwili.

Mwandishi wa gazeti wa London hakuonyeshwa vipande hivyo, na kama angeonyeshwa asingevihitaji. Alichosikia ni neno linaloishia na -ing, kiishio ambacho katika lugha yake huunda jina la tendo linaloendelea. Kwa sikio lake Mafeking ilifanana na kutembea, kucheza, kuimba. Basi akafanya kile ambacho sarufi ya Kiingereza humruhusu mtumiaji wake kufanya: akaondoa kiishio na kudai kuwa kilichobaki ni shina la kitenzi. Wanaisimu huuita mchakato huu uundaji wa kurudi nyuma, na Kiingereza kina maneno mengi ya aina hiyo. Kitenzi cha kuhariri, "edit", kilipatikana kwa kukatwa kutoka kwa jina la mhariri, na "burgle" kutoka kwa jina la mwizi avunjaye nyumba. Tahajia nayo ikasaidia kulisilimisha neno. Liliandikwa kwa f mbili, na jina lake la tendo likapata c na k kama yalivyo majina ya kufanya pikiniki na kufanya magendo katika lugha hiyo. Baada ya hapo halikuonekana tena kuwa geni. Asiyejua historia yake angeweza kudhani limekuwapo tangu enzi za Chaucer.

Ni nini hasa kilichokatwa? Mwandishi aliamini anaondoa kiishio cha Kiingereza. Alichokiondoa ni kiambishi cha mahali cha Kitswana. Kilichobaki, "maffick", kwa mtazamo wa Kibantu ni kiambishi ngeli cha wingi na mzizi wa jabali: mawe bila -ni. Mahali pametoweka katika neno, na mawe yamegeuzwa kuwa tendo la kurukaruka barabarani katika mji ulio umbali wa majuma kadhaa kwa meli. (Sikio la Kiswahili huvutwa pia na kitenzi cha kufika, na kuna mhakiki atakayetamani kusema kwamba habari "zilifika" ndani ya neno. Avumilie. Ni mfanano wa bahati tu. Mzizi ni mwingine.)

Kuna atakayetukumbusha kwamba sisi nasi si wasafi. Kiarabu hakikuwa na kiambishi ki- katika neno lake la kitabu. Ki- hiyo ni sehemu ya mzizi, nasi tukaikata na kuunda vitabu. Neno la Kiingereza la kizuizi cha matope kwenye gurudumu limekuwa madigadi, na kwa kuwa ma- yetu ni ya wingi, fundi wa baiskeli akajipatia digadi moja. Watanzania wamekifanya kibao cha kuamuru dereva ashike kushoto kuwa kipilefti, na wingi wake vipilefti. Ni kweli kabisa kwamba mchakato ni mmoja: lugha husoma umbo la kigeni kwa macho yake yenyewe. Tofauti iko kwenye matokeo. Kitabu, baada ya kukatwa na kuunganishwa upya, kimebaki kuwa kitabu. Digadi ni kile kile kinachozuia matope. Mafikeng haikubaki kuwa Mafikeng. Kwa hiyo hoja yetu si kwamba Waingereza walikosea kisarufi, maana hakuna lugha isiyokosea kwa namna hiyo. Hoja ni kwamba kosa hili lilikubalika kwa wepesi kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya mahali penyewe.

Kitenzi kisicho na shamirisho

Sasa tuliangalie neno likiwa kazini. Katika sentensi ya Kiingereza "maffick" ni kitenzi si elekezi. Wanafunzi wa chuo fulani "walimaffick" usiku kucha. Mashabiki "walimaffick" mitaani baada ya mechi. Baba mwenye nyumba analalamika kwamba vijana "wanamaffick" chini ya dirisha lake. Muundo ni huo huo: kiima ni umati, kielezi ni cha muda au cha kiasi, na basi. Hakuna shamirisho. Sentensi haiulizi kinachoshangiliwa ni nini wala anayeshangiliwa ni nani. Sababu ya furaha ilikuwa imefungwa ndani ya jina, na jina lilipokatwa sababu ikaenda nalo. Baada ya miaka michache iliwezekana kulitumia neno kwa harusi, kwa mchezo wa mpira, kwa jambo lolote lenye makelele.

Linganisha na Kiswahili. Kitenzi chetu cha msingi katika uwanja huu, shangilia, kina umbo la kauli ya kutendea, na hudai shamirisho hata pale lisipotajwa: tunashangilia ushindi, tunamshangilia mgeni, tunawashangilia maharusi. Mtu akisema tu kwamba watu wanashangilia, msikilizaji hungoja. Atauliza wanashangilia nini. Maneno yetu mengine ya uwanja huu yanahitaji mwili. Vigelegele hupigwa, na hupigwa na wanawake. Anayevisikia kutoka nyumba ya jirani huanza kukisia kama ni mtoto aliyezaliwa au ni bibi harusi anayetolewa. Hoihoi, nderemo na vifijo ni sauti kabla ya kuwa hisia. Kiingereza nacho kimewahi kuwa na mwili huo katika maneno yake ya kuazima. Lile neno lao kubwa la shangwe, "jubilation", linatokana na kitenzi cha Kilatini ambacho Varro alikieleza kuwa ni ukelele wa watu wa mashambani, na Augustino akakitumia kuelezea sauti ya wavunaji wanaofurahi mno hata wakaacha maneno ya wimbo na kubaki na sauti tupu. Augustino angevielewa vigelegele bila mkalimani. Na "revel" ina ukoo na neno la uasi. Lakini hatuna nafasi ya kuyafuata haya yote.

Jambo la pili kuhusu sentensi hizi ni sajili yake. "Maffick" halikuwa neno la wanaosherehekea. Aliyekuwa akiruka barabarani usiku ule hakusema "namaffick". Neno ni la anayetazama kutoka dirishani, ama kwa tabasamu ama kwa dharau. Lilizaliwa gazetini na likabaki kuwa la magazeti na la waandishi wa kejeli. Saki, katika kitabu chake Reginald cha mwaka 1904, alilitia katika ubeti wa mzaha ambamo mtoto anamwomba mama yake ruhusa ya kwenda kufanya hivyo, na kina chake kikaangukia neno la msongamano wa barabarani. Uchaguzi huo wa kina unasema mengi. Miaka minne tu baada ya mji kukombolewa, mwenzi wa Mafikeng katika ushairi wa Kiingereza ni magari ya farasi yaliyokwama London.

Wapinzani wa vita walilipenda neno hili kwa sababu liliwawezesha kuudharau umati. J. A. Hobson alichapisha mwaka 1901 kitabu kizima kuhusu saikolojia ya uzalendo wa kichwa moto, akiyalaumu majumba ya muziki na magazeti kwa kuwapumbaza watu. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa umati huo ulikuwa wa makabwela. Utafiti wa Richard Price wa mwaka 1972 uliitia shaka picha hiyo na kuonyesha kwamba makarani, wanafunzi na watu wengine wa tabaka la kati ndio walioonekana zaidi katika vurugu za furaha za kipindi hicho. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha mjadala wenyewe ulivyobanwa na neno. Kwa zaidi ya miaka sabini wasomi walibishana kwa bidii kuhusu nani "alimaffick" London. Kiima cha kitenzi kilichunguzwa kwa kurunzi. Mahali palipokatwa hapakuulizwa.

Shajara inayokoma mapema

Pana mtu mmoja ambaye angeweza kuulizwa. Solomon Tshekisho Plaatje alikuwa na umri wa miaka 23 mji ulipozingirwa. Alikuwa mkalimani wa mahakama, Mrolong kwa ukoo, mjuzi wa Kitswana, Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani na lugha kadhaa nyinginezo za kusini. Baadaye angekuja kuwa mhariri wa gazeti la Kitswana papo hapo Mafikeng, katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, mtunzi wa riwaya ya Mhudi iliyotoka mwaka 1930, na mfasiri wa Shakespeare kwa Kitswana. Mwaka 1916 alishirikiana na mwanafonetiki Daniel Jones kutoa kitabu cha usomaji wa Kitswana chenye maandishi ya kifonetiki. Kwa maneno mengine, kama kulikuwa na mtu mmoja katika dola nzima aliyestahili kuulizwa kuhusu -ng ya Mafikeng, alikuwa huyu, na alikuwa ndani ya mji.

Wakati wa mzingiro Plaatje aliandika shajara kwa Kiingereza kilichochanganywa na maneno ya lugha zake nyingine. Inaanza tarehe 29 Oktoba 1899. Hati hiyo ilikaa bila kuchapishwa hadi mwaka 1973, ilipohaririwa na John Comaroff. Mhakiki anayeisoma akitazamia malalamiko matupu atashangaa, kwa maana ni maandishi ya kijana mcheshi anayependa maneno, anayeweza kufanya mzaha hata kuhusu mizinga. Lakini ndani ya mzaha huo mna wakimbizi wenye njaa, mna hesabu ya chakula, mna Krismasi anayoipitisha mbali na mke wake na mtoto wake. Katika mji huo huo Wazungu walicheza kriketi na kufanya matamasha siku za Jumapili, mizinga ilipokuwa imenyamazishwa kwa makubaliano. Plaatje aliyaona yote mawili. Aliwapigia chapa waandishi wa habari barua zao, akiwamo mwandishi wa Reuter, Vere Stent, kwa hiyo sehemu ya habari za mzingiro zilizosomwa London ilipitia vidole vyake.

Mji huo, tukumbuke, ulikuwa miji miwili. Upande mmoja kulikuwa na mji wa Wazungu wasiofika elfu mbili. Ng'ambo kulikuwa na makao ya Warolong, ambayo ndiyo hasa Mafikeng ya asili, pamoja na wakimbizi na vibarua wa migodini waliokwama. Waafrika waliozingirwa walikuwa maelfu, wengi kuliko Wazungu mara kadhaa. Mgao wa chakula haukuwa sawa, na vifo vya njaa viliwaangukia Waafrika, hasa wale wakimbizi wasio na mashamba wala ndugu mjini. Emerson Neilly, mwandishi wa Pall Mall Gazette, aliyaeleza mateso yao katika kitabu kilichotoka mwaka huo huo wa 1900. Thomas Pakenham aliliibua suala hili upya mwaka 1979, akimlaumu Baden-Powell moja kwa moja. Tim Jeal, katika wasifu wake wa mwaka 1989, akamtetea kamanda huyo. Si kazi ya makala haya kuamua kesi ya mtu mmoja. Linalotuhusu ni kwamba ushahidi wa njaa na kitenzi cha shangwe vilichapishwa katika jiji moja, katika mwaka mmoja, na kitenzi ndicho kilichoingia katika kamusi.

Mzingiro ulikwisha tarehe 17 Mei. Shajara ya Plaatje, kwa jinsi tuliyo nayo, inakoma tarehe 30 Machi. Majuma karibu saba hayamo. Siku ya ukombozi haimo. Usiku wa tarehe 12 Mei, Kaburu Sarel Eloff alipoingia na watu wake hadi ndani ya makao ya Warolong, na Warolong wakawa miongoni mwa waliowazingira na kuwashinda, nao haumo. Kwa hiyo matini ya ndani na neno la nje hayakutani popote. Mmoja aliandika njaa na akanyamaza kabla ya shangwe. Wengine walianza na shangwe.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu, kwa sababu ni rahisi kwa uhakiki wa aina hii kuteleza. Haifai kusema kwamba watu wa London walishangilia njaa ya Waafrika. Walishangilia kufunguliwa kwa mji, na wengi wao hawakujua kilichotokea ng'ambo ya Molopo. Haifai pia kusema kwamba furaha ile ilikuwa ya Wazungu peke yao. Warolong walikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Makaburu kuhusu ardhi. Waliulinda mji kwa sababu ulikuwa wao, na Plaatje hakuficha upande aliouunga mkono. Kama kuna waliokuwa na haki ya kushangilia tarehe 17 Mei, Warolong walikuwamo, tena safu ya mbele. Hilo haliipunguzi hoja yetu, linaizidisha. Kosa la kitenzi halimo katika kuieleza furaha isiyostahili. Limo katika kuihamisha furaha kutoka kwa wenyewe. Kamusi haijui kwamba Mafikeng yenyewe iliweza kushangilia. Kiima cha "maffick" kamwe si Mrolong.

Upande wetu wa dola ulipata neno lake la vita miaka michache baadaye, kwa njia iliyo kinyume. Katika Vita Kuu vya Kwanza Waingereza waliwakusanya wapagazi katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kiswahili kililichukua jina la kikosi hicho na kulifanya mahali: Kariokor mjini Nairobi, Kariakoo Dar es Salaam. Anayekwenda kununua kiondo Kariokor huenda hajui lolote kuhusu wapagazi. Ila jina bado liko pale, limesimama juu ya ardhi, na mtoto akiuliza maana yake kuna mzee anayeweza kumjibu. Kiingereza kilichukua mahali petu pa vita kikapafanya kelele. Kiswahili kilichukua jina la jeshi la Kiingereza kikalifanya mahali. Hatudai kwamba hii ni tabia ya lugha zenyewe. Waliopewa kazi ya kubeba mizigo walihitaji kukumbuka walikolala. Waliosoma gazeti hawakuhitaji.

Swali la mfasiri

Tumalizie na jambo la kiutendaji, kwa kuwa wanafunzi wetu wa shahada ya pili wanaanza kuzifasiri matini za kipindi hiki, nao watakutana na kitenzi chetu. Wengi watakimbilia "kusherehekea kupita kiasi". Tafsiri hiyo ni sahihi na haina ladha. Inamwondoa hata yule mtazamaji wa dirishani mwenye dharau. "Kupiga hoihoi" ina sauti, ila haina kejeli. Kuunda kitenzi cha "kumafika" ni mchezo unaovutia kwa dakika moja, halafu msomaji atakisoma kama kitenzi cha kufika kilichokosewa. Kwa Saki, ambaye hakuwaza Mafikeng hata kidogo, tunapendekeza mfasiri achukue uhuru, atafute kina chake mwenyewe, na auache mji upumzike. Kumlazimisha Saki akumbuke asichokumbuka ni kuiharibu kejeli yake, na pia ni kumpa sifa asiyostahili.

Katika maandishi mengine, hasa ya wanahistoria na ya wapinzani wa vita, ingefaa jina lirudi. "Walishangilia Mafikeng" ni sentensi nzuri ya Kiswahili: kitenzi kimepata shamirisho lake, na -ng imerudi mahali pake. Ina utata, kwa kuwa inaweza kumaanisha kwamba waliushangilia mji au kwamba walishangilia wakiwa mjini. Utata huo usiondolewe. Ndio hasa ambao Kiingereza kiliupoteza.

Kuhusu tahajia, mfasiri asiandike Mafeking pale anapozungumza kwa sauti yake. Mji ulirudishiwa jina la Mafikeng mwaka 1980, na tangu mwaka 2010 jina rasmi ni Mahikeng, kwa kufuata matamshi ya Warolong wenyewe ambao husema h pale ambapo lahaja nyingine husema f. Kwa matukio ya mwaka 1900 tunapendelea Mafikeng, ili msomaji aweze kuiona ile f iliyofanywa mbili. Na atakayeifasiri shajara ya Plaatje, kazi ambayo ingefaa ifanyike, atakuta kwamba sarufi ya Kiswahili inamdai uamuzi ambao Kiingereza hakimdai. Baada ya jina la mahali lazima achague kati ya pa-, ku- na m-. Usiku wa London ni rahisi: kulikuwa na shangwe. Kwa mji uliozingirwa, ambao hakuna awezaye kuingia wala kutoka, tungemshauri atumie m- tangu ukurasa wa kwanza hadi ule wa tarehe 30 Machi. Mafikeng mlikuwa na njaa. Mlikuwa na watu.